JBL ni nani? Maisha ya James Lansing, fundi wa bafle aliyekufa na deni

Ukipita Birere kwenye maduka ya vyombo vya muziki, hautatembea mbali bila kuona herufi tatu: JBL. Ziko kwenye bafle ndogo ya kubeba mkononi, ziko kwenye bafle ndefu za kusimama chini zenye familia inaweka pembeni ya televizyo, na mara zingine ziko kwenye sanduku la mbao lenye fundi wa kata alijipigia misumari yeye mwenyewe. Wengi wanazani ni jina la kampuni tu. Wengine wanasema ni kitu ya Wachina. Kumbe ni herufi za kwanza za jina la mutu, na ule mutu alikufa mwaka 1949, akiwa na deni, mbele hata ya wazazi wa wengi wetu kuzaliwa.

Hapa Goma, wenye kuwa na bafle za kusimama wako na mabishano yasiyoisha. Mumoja anasifu yake sababu inatikisa mabati mpaka jirani anajua wimbo gani unapigwa. Na kweli, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano, besi inapita kwenye kuta kama hakuna kuta. Mwingine anasema hiyo si muziki, ni makelele. Yeye anataka kusikia maneno ya kwaya na kila kamba ya gitaa la soloo. Na kuko wa tatu, ambaye hana wakati wa kubishana, sababu batri ya pano ya jua inaisha saa mbili ya usiku na bafle inanyamaza katikati ya wimbo. Wote watatu wanaongea kuhusu mambo ambayo James Lansing alitumikia maisha yake yote. Lakini si wote watatu wangependa jibu lake.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa kwanza mwaka 1902, katika jimbo la Illinois, Marekani, na jina lake halikuwa Lansing. Aliitwa James Martini. Baba yake, Henry Martini, alikuwa enjinia wa machimbo ya makaa ya mawe, na familia ilikuwa inahama kufuata kazi. Walikuwa watoto 14, yeye ni wa tisa. Wasomaji wa Masisi, Walikale ao Lubero hawahitaji kuelezwa mutoto wa tisa anapata kitu gani nyumbani: anapata kile alichojitafutia. Kwa muda fulani aliishi kwa familia ingine, familia Bullough, katika mji wa Litchfield. Hakuisahau. Baadaye atachukua jina lao na kuliweka katikati ya jina lake, na ile B ya JBL ndiyo hiyo.

Tangu utoto alikuwa anachezea umeme. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka karibu 12 alitengeneza chombo cha kutuma mawimbi ya redio, na mawimbi yakafika mpaka kwenye kambi ya wanajeshi wa majini ya Great Lakes, hukohuko Illinois. Wanajeshi wakatafuta yanatoka wapi, wakafika kwao, na chombo kikabomolewa. Shahada ya enjinia hakuwa nayo. Kazi yake ya kwanza ya kweli ilikuwa ya fundi wa magari katika mji wa Springfield, na muuza magari aliyemwajiri akamutuma Detroit kusoma zaidi ile kazi. Njo mikono aliyokuwa nayo: mikono ya fundi wa chuma, mwenye kupima mpaka kwenye unywele. Wakati wengine waliingia katika mambo ya sauti kupitia hesabu na vitabu, yeye aliingia kupitia garage.

Mwaka 1924 mama yake alikufa. Kijana akaondoka Illinois, akaelekea magaribi, akafika Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Pale alipata kazi katika kituo cha redio, na alipata watu wawili ambao watabadilisha maisha yake. Wa kwanza ni Glenna Peterson, ambaye alimuoa mwaka 1925. Wa pili ni Ken Decker, mutu wa biashara.

Ilikuwa wakati muzuri. Redio zilikuwa zinauzwa kama mikate, na kila redio ilihitaji kitu cha kutoa sauti. Lansing alijua kutengeneza, Decker alijua kuuza na kuhesabu. Wakahamia Los Angeles, na tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka 1927 wakafungua kampuni, Lansing Manufacturing Company. Katika siku hizohizo James Martini alibadilisha jina lake mbele ya sheria, akawa James Bullough Lansing. Kwa miaka ya kwanza walitengeneza bafle ndogo za kuweka ndani ya redio za nyumba. Hakuna mambo mengi ya kusema juu ya zile. Zilijaza tumbo, basi.

Mwishoni mwa ule mwaka 1927 filamu zikaanza kuongea. Na hapo Los Angeles ikawa pahali pa kuwa, sababu Hollywood iko pale.

Ili kuelewa Lansing alifanya nini, ni lazima kwanza kuelewa shida ya sinema za wakati ule. Jumba lenye watu elfu moja ao zaidi, na mashine ya kuongeza sauti, yaani ampli, yenye nguvu kidogo sana: wati chache tu, kupungukia hata zile ambazo leo nganda moja ya Majengo inatumia. Ili sauti ifike nyuma, walitumia pembe ndefu, kama tarumbeta kubwa, iliyokunjwa nyuma ya kitambaa cha picha. Shida ni kwamba sauti ya chini ilipita njia ndefu ndani ya pembe, na sauti ya juu ilipita njia fupi. Kwa hiyo hazikufika pamoja. Kwenye filamu ya muziki, mucheza dansi akigonga kiatu mara moja, watu walisikia mara mbili.

Douglas Shearer, mukubwa wa idara ya sauti katika kampuni ya filamu MGM, alichoka na jambo hilo. Katikati ya miaka ya 1930 akakusanya watu wake, pamoja na enjinia John Hilliard, ili watengeneze bafle yao wenyewe kuliko kuendelea kununua kwa makampuni makubwa. Kwa kazi ya kutengeneza vile vipande vyenye kutoa sauti, wakaita Lansing. Sauti ikagawanywa mara mbili: kipande kikubwa kwa sauti za chini, na kingine kidogo chenye pembe ya chuma kwa sauti za juu, na katikati kichujio cha umeme chenye kutuma kila sauti kwenye njia yake. Pembe ya chini ikafupishwa ili sauti zote zifike pamoja. Kila bafle ndefu iliyo leo katika nyumba ya Himbi ao Ndosho, yenye karatasi kubwa chini na kingine kidogo juu, inafuata wazo hilo.

Ile kazi ilipata tuzo ya ufundi ya Academy ya Hollywood, ile yenye kutoa zawadi za Oscar, kwa mwaka 1936. Tuzo iliandikwa kwa jina la Shearer na idara ya sauti ya MGM. Jina la fundi halikuwa pale. Si mara ya mwisho.

Lakini Lansing alipata kitu kingine. Alichukua lile wazo la sinema, akalipunguza mpaka likaweza kuingia katika chumba. Karibu mwaka 1937 akatoa bafle iliyoitwa Iconic: sanduku la kusimama chini, karatasi ya santimetre 38 kwa besi, na juu yake pembe ndogo. Studio zikaichukua kwa kusikiliza kazi yao, na matajiri wachache wakaiweka nyumbani. Ukitafuta bibi wa bafle zote za salon, huyu ni mumoja wao.

Mwaka 1939 Ken Decker alikufa katika ajali ya ndege. Ni hapa maisha ya Lansing yanavunjika mara ya kwanza, hata kama kwa wakati ule pengine haikuonekana hivyo. Decker ndiye alijua feza ziko wapi, nani anadaiwa, nani analipa. Lansing alibaki na mikono yake tu. Watu waliomujua walikubaliana juu ya jambo moja: kwa ufundi hakuwa na mwenzake, kwa biashara alikuwa mutoto. Miaka miwili haikupita vizuri, kampuni ikawa inazama.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, kampuni ingine yenye kushugulikia vyombo vya sinema, Altec, ikanunua Lansing Manufacturing. Majina mawili yakaunganishwa, ikawa Altec Lansing, na Lansing mwenyewe akawekwa kuwa makamu wa raisi kwa upande wa ufundi, na mkataba wa miaka mitano. Ile miaka mitano alitumika sana. Pale ndipo kulitoka bafle 604, ambayo studio za kurekodi za Marekani zilitumia kwa miaka mingi sana, na pale ndipo kulitoka bafle za sinema zilizoitwa Voice of the Theatre, mwaka 1945.

Katika ile miaka pia sumaku zilibadilika. Mbele ya hapo, sumaku ya bafle kubwa mara nyingi ilikuwa ya waya: ilihitaji umeme wake yenyewe ili iwe sumaku. Umeme ukikatika, hakuna sumaku. Kisha ikafika chuma cha kuchanganya aluminyum, nikeli na kobalti, kinachoitwa Alniko, chenye kubaki sumaku siku zote bila kulishwa. Kobalti, watu wa Kongo wanaijua. Lansing alikuwa kati ya wale walioona mapema kwamba kwa chuma hicho bafle ya nyumba inaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Mkataba ulipoisha, hakubaki. Mwezi wa kumi mwaka 1946 akaanzisha kampuni yake tena, akaiita Lansing Sound. Altec ikapinga: jina Lansing lilikuwa limeuzwa pamoja na kampuni. Fikiria kidogo: mutu anakatazwa kutumia jina ambalo yeye mwenyewe alijichagulia. Mwishoni ikaruhusiwa aandike jina lote, James B. Lansing Sound. Herufi tatu JBL zinatoka katika ile kelele ya jina. Kama Altec ingenyamaza, bafle zenye kuuzwa Birere leo pengine zingekuwa na jina lingine.

Mwaka uliofuata, 1947, akatoa kitu ambacho mafundi wa bafle wangali wanakiheshimu mpaka leo: D130. Ni karatasi ya santimetre 38, lakini ajabu yake iko nyuma. Ndani ya kila bafle kuna bobini, waya uliozungushwa, wenye kuruka mbele na nyuma kati ya sumaku. Ndio wenye kusukuma karatasi. Kwa bafle nyingi za wakati ule bobini ilikuwa nyembamba kama mdomo wa kikombe kidogo. Lansing akaifanya pana, santimetre 10. Na waya haukuwa wa duara bali wa bapa, uliosimamishwa upande wake, ili waya mwingi uingie katika nafasi ndogo bila kuacha hewa katikati. Kusimamisha waya wa bapa namna ile na kuuzungusha bila kukunjamana ni kazi ya mikono yenye subira. Hapo unaona tena fundi wa garage.

Faida yake ilikuwa nini? D130 ilitoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Ampli za nyumba za mwaka 1947 zilikuwa na wati 10, pengine 15. Hali yao haikuwa mbali na ya nyumba ya Goma yenye pano moja na batri moja. Na hesabu yake haijabadilika: bafle moja ikipita ingine kwa desibeli 3, itatoa sauti ileile kwa nusu ya umeme. Ikipita kwa desibeli 10, itaomba sehemu moja tu ya kumi. Wenye kununua bafle hapa wanauliza kila mara wati ngapi, na muuzaji anaonyesha namba kubwa iliyoandikwa nyuma. Ile namba inasema bafle inaweza kuvumilia umeme kiasi gani. Haisemi itapiga kwa nguvu gani. Namba ya desibeli ndiyo ya kuuliza, na mara nyingi iko kwenye karatasi ya ndani ya karto.

Lakini D130 haikuwa na yote. Kwa kutafuta sauti kubwa kwa umeme kidogo, Lansing aliacha kidogo ile besi ya chini kabisa, ile yenye kutikisa mabati. Hakuna fundi aliyewahi kupita sheria hiyo: sanduku dogo, besi ya chini, na umeme kidogo, hauwezi kupata vyote vitatu kwa pamoja. Bafle ndogo za leo zenye besi ya ajabu zinailipa kwa kula batri. Zile za kusimama chini, kama ziko za kweli, zinailipa kwa ukubwa wa sanduku na uzito. Kwa hiyo yule jirani wa besi na yule wa kwaya hawabishani juu ya nani ana masikio mazuri. Kila mumoja amechagua kitu gani atakosa. Lansing alichagua maneno ya kwaya.

Wateja walipenda. Feza hazikufuata. Tangu mwanzo kampuni ilikuwa inakopa: ilichukua sumaku kwa muuzaji aliyekubali kungoja malipo, Robert Arnold, na feza na nafasi ya kutumikia kwa kampuni ya ndege, Marquardt. Ile kampuni ikatuma mutu wake wa hesabu, William Thomas, aangalie mambo. Mwaka 1948 Marquardt ikawa ndiyo inaongoza kazi yote. Mwaka uliofuata Marquardt yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya mipira ya magari, General Tire, ambayo haikuwa na haja na bafle, na Lansing akaachwa tena peke yake na madeni. Malipo yalichelewa, vyombo vilichelewa kutoka, watu wa kudai walikuwa wanangoja.

Mwezi wa tisa mwaka 1949, huko San Marcos, California, pahali alipokuwa na shamba la avoka, James Lansing alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 47. Aliacha Glenna na familia, na kampuni yenye jina lake ambayo kwa hesabu ya kila mutu ilikuwa imekufa.

Haikukufa, na sababu ni ya ajabu na ya huzuni. Lansing alikuwa ameweka bima ya maisha ya dola 10 000, na aliandika kwamba atakayeipokea ni kampuni. William Thomas, yule mutu wa hesabu, alikuwa tayari amehamia kabisa upande wa bafle. Akatumia zile feza kulipa na kuendelea. Nyuma ya muda kidogo akanunua sehemu ya Glenna, sehemu moja ya tatu, akabaki mwenye kampuni peke yake. Kitu ambacho Lansing alikosa tangu kifo cha Decker, mutu wa kuhesabu, kikapatikana wakati yeye hayuko tena.

Thomas hakuwa fundi, lakini alielewa jina lina bei gani. Akaajiri wachoraji wa masanduku. Mwaka 1954 ikatoka Hartsfield, bafle kubwa ya kuweka kwenye pembe ya chumba, na mwaka 1957 ikatoka Paragon, yenye kufanana na kabati la salon kuliko bafle. Leo Fender, mutengenezaji wa magitaa ya umeme, akaomba D130 kwa ajili ya ampli zake, wakamutengenezea ya kwake, D130F. Katika mwaka 1969 Thomas aliuza kampuni kwa Sidney Harman. Mwaka 1970 ikafika L100, ile yenye sponji ya rangi ya machungwa mbele, iliyoingia katika nyumba nyingi sana za Marekani na Ulaya. Tangu mwaka 2017 yote iko mikononi mwa Samsung ya Korea ya Kusini, iliyonunua kundi la Harman kwa dola zaidi kidogo ya miliari 8.

Mwenye kununua bafle ndefu leo, iwe Goma, Butembo ao Bukavu, atakutana na ile jina kwenye vitu visivyofanana hata kidogo. Kuko za kweli, kuko zilizoigwa, kuko masanduku yenye kubandikwa tu. Mafundi wa kutengeneza bafle hawaangalii herufi. Wanainua sanduku kusikia uzito, wanagonga mbao kwa kidole, na wakiruhusiwa wanafungua vis nne ili waone ukubwa wa sumaku na wa bobini. Sanduku refu lenye karatasi tatu mbele linaweza kuwa na moja tu yenye kufanya kazi. Zingine ni mapambo.

Kampuni ya zamani nayo haikupotea na jina lake. Altec Lansing ingali inaandikwa kwenye bafle za ordinatere na zile ndogo za kubeba. Kuko nyumba zenye ile jina moja mara mbili, moja juu ya meza pembeni ya ordinatere, ingine chini karibu na ukuta, na kila upande unadai ni wa Lansing.